KABLA HUJAJAZA FOMU YA CHUO CHA UALIMU



 

 

Kila mwaka yanapotoka matokeo ya Kidato cha Nne, wanafunzi wetu wa zamani huanza kuja madrasa baada ya swala ya Alasiri, mmoja mmoja, karatasi mkononi. Wengi wana swali moja: "Ustadhi, nataka kusomea ualimu wa shule ya msingi. Niende chuo gani?" Mwaka huu nimeombwa nilijibu swali hilo katika jarida letu ili lisomwe na nyumba nzima. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa ualimu ni kazi ya kheri na umma wetu unawahitaji walimu. Ya pili ni kuwa niliwahi kulijibu swali hili vibaya, na watu wakaumia.

JIBU NILILOTOA BILA ELIMU

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mzee mmoja, mzazi wa binti aliyekhitimu Qur'ani hapa kwetu. Alikuwa na tangazo la chuo kimoja binafsi. Akaniuliza, "Ustadhi, chuo hiki unakijua?" Nilikuwa nakijua kwa juu juu. Niliwahi kupita pale safarini, nikaswali Adhuhuri katika msikiti wao, nikawaona mabinti wamejistiri vizuri. Nikamwambia, "Mpeleke mzee wangu, pale ni kwetu." Neno langu likamtosha. Akauza sehemu ya shamba lake la minazi, akalipa ada.

Baada ya mwaka na miezi kadhaa ikabainika kuwa chuo kile hakikuwa na idhini ya kuendesha kozi ile. Majina ya wanachuo hayakuwa yamepelekwa panapohusika, kwa hiyo hawakuwa na namba za mtihani wa taifa. Binti akarudi nyumbani na begi lake na bahasha ya risiti. Fedha hazikurudi. Mdogo wake, aliyekuwa aende kusomea ufundi mwaka ule, ikabidi asubiri.

Mzee yule hajanilaumu hata siku moja. Tukikutana msikitini hunipa mkono kama zamani. Lakini mimi najua kuwa hakuuza minazi kwa kuliamini tangazo. Aliuza kwa kuliamini neno langu. Mimi nimesoma dini. Habari za usajili wa vyuo vya ualimu sikuwa nazijua, na bado nilijibu kama anayejua, hali ya kuwa wanazuoni wetu waliotangulia hawakuona haya kusema "sijui". Tangu hapo nimeyafuatilia mambo haya kwa walimu wakuu, wakufunzi na maafisa elimu. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyopaswa kumwambia mzee yule siku ile.

Kwa ufupi ni haya: chuo cha ualimu hakichaguliwi kwa jina lake, wala kwa kanzu na hijabu zinazoonekana getini. Huchaguliwa kwa mambo yanayoweza kuulizwa na kuthibitishwa, na la kwanza kati ya hayo ni kama chuo hicho kitakufanya mwalimu kweli kweli.

UJUZI NI SEHEMU YA AMANA

Huenda mtu akasema, "Ustadhi, kwani si bora chuo cha Waislamu, hata kikiwa na upungufu?" Tuitazame Sira. Katika vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria (624 Miladia), Waislamu waliwateka Makureishi kadhaa. Imepokewa kwamba miongoni mwao walikuwapo wasiokuwa na mali ya kujikomboa lakini wakijua kusoma na kuandika, na Mtume (S.A.W.) akakubali fidia yao iwe kuwafundisha watoto wa Madina. Mateka wale hawakuwa Waislamu, tena jana yake walikuwa wameshika panga. Hata hivyo ujuzi wao ulitambuliwa na watoto wa Kiislamu wakanufaika nao.

Hii haina maana kuwa mazingira ya dini hayana uzito. Yana uzito mkubwa, nami nitayaeleza mahali pake. Maana yake ni kuwa jina la Kiislamu halizibi pengo la ujuzi. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye anayempokea mtoto asiyejua herufi. Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yameelekezwa zaidi katika stadi tatu za kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Mtoto akivuka hapo bila kusoma, walimu wote watakaofuata watahangaika naye, na wengi wa namna hiyo huishia kuitwa wavivu. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 yako madarasa mengi yanayozidi sana idadi hiyo. Kusimama mbele ya watoto themanini bila kuandaliwa ni dhulma kwao na kwako mwenyewe.

1. JUA UNAKWENDA KUSOMEA NINI

Nchi yetu imewahi kuandaa walimu kwa haraka. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, ilipoazimiwa kila mtoto apate elimu ya msingi, vijana wengi waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu huku wakifundisha. Wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), kuanzia 2002 hadi 2006, wanachuo wengi walikaa chuoni mwaka mmoja na mwaka wa pili wakaumalizia shuleni. Haraka ile ilikuwa na sababu: watoto walikuwa wengi na walimu hawakuwapo. Leo wapo wahitimu wengi wa ualimu wanaosubiri ajira, basi usikubali kuambiwa na mtu kuwa kuna njia ya mkato ya miezi michache.

Kwa miaka mingi mwalimu wa msingi alisoma cheti cha Daraja la IIIA kwa miaka miwili baada ya Kidato cha Nne. Miaka ya karibuni mwelekeo umekuwa kuipandisha ngazi hiyo kuwa stashahada. Kwa hiyo usiridhike na neno "ualimu" lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Uliza: ni ngazi gani? Ni ualimu wa elimu ya awali, wa msingi, wa elimu maalumu au wa sekondari? Ni miaka mingapi? Kisha linganisha majibu na tangazo la Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia la mwaka huo huo. Usitumie tangazo la kaka yako aliyesoma miaka mitano iliyopita, kwani masharti hubadilika.

Vyuo vya serikali viko sehemu nyingi: Korogwe hapa mkoani kwetu Tanga, Vikindu mkoani Pwani, Mpwapwa na Bustani mkoani Dodoma, Nachingwea mkoani Lindi, Butimba kule Mwanza. Anayetaka kuwafundisha watoto wenye mahitaji maalumu aulizie Patandi, mkoani Arusha. Lakini si kila chuo huendesha kila kozi. Kipo kinachoandaa walimu wa sekondari, na ukikipenda kwa sababu kiko karibu na kwenu, hutapata ulichokifuata.

Na kama matokeo yako hayatoshi kuingia ualimu, ukweli huo ukubali mapema. Yupo atakayekufuata na kukwambia, "Lete hivyo hivyo, tutakusaidia." Mtu huyo anakusaidia kutoa fedha tu. Kurudia mtihani mwaka mmoja ni jambo jepesi kuliko kusoma miaka mitatu na kukosa cheti.

2. HAKIKI USAJILI WA CHUO NA WA KOZI

Hapa ndipo nilipoteleza mimi. Chombo kinachosajili na kusimamia vyuo hivi ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), ambalo zamani tulikuwa tukiliita NACTE. Kila mwaka Baraza hutoa mwongozo wa udahili wenye majina ya vyuo, kozi zinazoruhusiwa na sifa za kujiunga. Kijana mwenye simu ya intaneti anaweza kuusoma. Asiyekuwa nayo aende ofisi ya elimu ya wilaya au ofisi ya kanda ya Baraza.

Hakiki mambo matatu, na usiridhike na moja:

(a) Chuo chenyewe kimesajiliwa. Andika jina lake kamili na mahali kilipo, kwa sababu majina ya vyuo hufanana.

(b) Kozi unayoitaka imo katika orodha ya kozi za chuo hicho. Chuo kinaweza kuwa na usajili wa kozi ya kompyuta au ya uhazili, kikatangaza na ualimu. Cheti cha usajili kinachotundikwa ukutani ofisini kisome mpaka chini.

(c) Chuo hakijafungiwa kudahili mwaka huo. Vimewahi kuwapo vyuo vilivyozuiwa kuchukua wanachuo wapya na vilivyofutiwa usajili kabisa.

Baada ya kujiunga, usingoje mwaka wa mwisho. Mwishoni mwa muhula wa kwanza uliza ofisini kama jina lako limepelekwa NACTVET. Lingekuwa limeulizwa mapema, binti wa mzee wetu angepoteza muhula mmoja tu na sehemu kubwa ya minazi ingesalimika.

Vyeti vyako vya shule navyo viwe vya kweli na majina yalingane. Ikiwa cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi na cha shule kinasema Mwanahidi, shughulikia sasa. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma uliwaondoa kazini watu zaidi ya 9,000 waliobainika kutumia vyeti vya kughushi. Kuazima cheti cha ndugu ni uongo mbele ya sheria na mbele ya Allah (S.W.), na mshahara unaojengwa juu ya uongo hauna baraka.

3. TAZAMA WAKUFUNZI NA MAZOEZI YA KUFUNDISHA

Usajili ni mlango. Ukishaingia, uliza yanayofundishwa ndani. Mitihani ya mwisho ya ualimu hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na matokeo hutangazwa kwa kila chuo. Soma matokeo ya miaka mitatu, si mwaka mmoja. Usitazame waliofaulu peke yao. Hesabu pia waliofeli na ambao matokeo yao yamezuiwa.

Ukipata nauli, nenda chuoni siku ya masomo, si siku ya mahafali. Siku ya mahafali kila ukuta una rangi mpya. Waulize wanachuo wa mwaka wa pili: "Nani anawafundisha mbinu za kufundisha hisabati? Yupo kila wiki?" Chuo chenye wakufunzi wachache huwafanya wanachuo wanakili madaftari ya waliotangulia.

Kisha uliza habari ya mazoezi ya kufundisha, ambayo wanachuo huyaita BTP. Huu ndio moyo wa chuo cha ualimu. Uliza ni wiki ngapi kwa jumla. Uliza kama kuna shule ya mazoezi iliyo jirani. La muhimu zaidi, uliza ni mara ngapi mkufunzi huja akaketi nyuma ya darasa, akasikiliza somo lako tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akakueleza ulipokosea. Ipo tofauti kubwa kati ya mkufunzi anayefanya hivyo na yule anayepita ofisini kwa mwalimu mkuu, akasaini daftari na kuondoka.

Chungulia na stoo ya zana. Mwalimu wa msingi hufundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda, vijiti na mbegu, na kadi za herufi hukatwa kwenye maboksi. Chuo ambacho hakina hata kizibo kimoja huenda kinafundisha ualimu wa kwenye karatasi tu.

Nanyi wanafunzi wa madrasa mna mtaji wenu. Wengi wenu mmewasomesha wadogo zenu alif, be, te tangu mkiwa na miaka kumi na mbili. Mnajua kuita darasa likatulia, na mnajua kuwa mtoto mmoja hushika kwa kusikia na mwingine kwa kuandika. Chuo kizuri kitaukuza mtaji huo, na kitawaondolea ile tabia ya kudhani kuwa bakora ndiyo jibu la mtoto asiyeelewa. Na sisi walimu wa madrasa tuna la kujifunza hapo.

4. PIGA HESABU YA GHARAMA YOTE

Wazazi wengi hutazama ada peke yake. Nitatoa mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Chuo cha kwanza kinatangaza ada ya shilingi 700,000 kwa mwaka. Chuo cha pili kinatangaza 1,200,000. Mzazi atasema cha kwanza ni nafuu. Sasa tuulize yaliyomo.

Chuo cha kwanza: ada 700,000, chakula na malazi 500,000, michango mbalimbali 150,000, mitihani 50,000, nauli ya safari nne kwa 40,000 kila safari ni 160,000. Jumla ni 1,560,000.

Chuo cha pili: ada pamoja na chakula na malazi 1,200,000, michango 60,000, mitihani 50,000, nauli ya safari nne kwa 15,000 ni 60,000. Jumla ni 1,370,000.

Kile kilichoonekana ghali kina unafuu wa 190,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 570,000. Kwa hiyo iombe fomu ya maelekezo ya kujiunga kabla ya kulipa chochote, kaa na kalamu, andika kila kitu mpaka godoro, sare na gharama za wiki za mazoezi ya kufundisha.

Lipa benki kwenye akaunti yenye jina la chuo, si kwenye simu ya mtu anayejiita wakala. Tunza kila risiti. Wala msiende kwenye mikopo ya "kausha damu". Riba ni haramu na mnaijua hukumu yake, na mikopo ile imeshaziacha nyumba nyingi bila vitanda. Kama fedha haitoshi, kaeni kikao cha ukoo, waoneni kamati ya msikiti, au kijana afanye kazi mwaka mmoja kisha aende. Kuchelewa mwaka mmoja si aibu.

5. DINI NA MAKAZI YA MWANACHUO

Sasa nafika kwenye lile ambalo mimi nilikuwa nimeliangalia peke yake. Mzazi ana haki ya kuuliza, na aulize wazi: Je, upo msikiti au chumba cha swala? Ratiba ya Ijumaa inaruhusu kwenda kuswali? Mwezi wa Ramadhani chakula cha futari na daku kinapatikanaje? Mabinti wanaruhusiwa kujistiri darasani na kwenye mazoezi ya kufundisha? Ipo jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu?

Kwa mabinti ongezeni maswali mengine. Bweni lao liko ndani ya uzio? Yupo matroni anayelala pale pale? Maji yako ndani au wanayafuata usiku mbali? Akipangiwa mazoezi katika shule ya kijijini atakaa kwa nani? Swali hili la mwisho husahaulika sana, na ndipo matatizo mengi yanapotokea. Baba au kaka aende akaione nyumba kabla binti hajapeleka begi.

Mkikipata chuo cha Waislamu chenye usajili, wakufunzi na mazoezi mazuri, hiyo ni neema juu ya neema. Msipokipata, msiogope chuo cha serikali. Kijana aliyelelewa vizuri madrasa huenda na dini yake kifuani. Na yule ambaye swala yake hutegemea kengele ya chuo, tatizo lake limeanzia nyumbani.

6. UKITOKA CHUONI

Nisingependa mtu aseme kuwa nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Cheti cha ualimu siku hizi si ahadi ya ajira. Zamani mhitimu alisubiri jina lake lisomwe, akapangiwa shule. Leo anayetaka kazi serikalini huomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mwaka 2025 walimu waliitwa kufanya usaili. Wapo wahitimu waliokaa nyumbani miaka mingi.

Hii nayo ni sababu ya kuchagua chuo kwa makini. Kwenye usaili huulizwi jina la chuo chako lina sifa gani. Unaulizwa utalifundishaje somo. Shule binafsi nyingi hufundisha kwa Kiingereza, basi angalia kama chuo kitakuimarisha katika lugha hiyo. Usiiache pia lugha ya Kiarabu uliyoanza hapa. Mtaala mpya wa elimu ya msingi, ulioanza kutumika Januari 2024, umeweka Kiarabu miongoni mwa lugha za hiari. Mwalimu mwenye cheti cha ualimu na Kiarabu kilichonyooka ana jambo la kumtofautisha na wenzake. Na mwenye nia ya kuendelea ajue kuwa ngazi ipo: Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza masomo mwaka 2005, kinatoa shahada za ualimu, na kipo pia Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

SHAURI, KISHA ISTIKHARA

Wako wanaoswali Istikhara usiku na asubuhi wakalipa ada bila kuuliza mtu. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza yule mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Kuuliza, kusafiri, kusoma mwongozo na kupiga hesabu ndiko kumfunga ngamia. Ukishafanya hayo na ukabaki na vyuo viwili vinavyofanana, swali rakaa mbili za Istikhara, omba dua yake kwa unyenyekevu, kisha jaza fomu moyo ukiwa umetulia.

Na mnapotushauri na kutuuliza sisi masheikh na maustadhi, tuulizeni yale tunayoyajua. Tukijibu habari za vyuo, tuulizeni tena: "Umejuaje?" Si utovu wa adabu. Mngekuwa mmeniuliza hivyo siku ile, ningekuwa sina la kusema, na hilo lingekuwa bora.

Maswali haya kumi kateni muyaweke ndani ya msahafu au kabatini mpaka siku yake:

1. Jina kamili la chuo ni lipi, na kiko wapi?
2. Kimesajiliwa na NACTVET?
3. Kozi yangu imo katika usajili wake?
4. Ni ngazi gani, na ni miaka mingapi?
5. Matokeo yake ya NECTA ya miaka mitatu yakoje?
6. Wakufunzi wa hisabati, lugha na sayansi wapo?
7. Mazoezi ya kufundisha ni wiki ngapi, na nani huja kutazama?
8. Gharama yote kwa mwaka ni kiasi gani, na inalipwa kwenye akaunti gani?
9. Swala, Ramadhani, stara na usalama wa bweni vikoje?
10. Wahitimu wa miaka miwili iliyopita wako wapi leo?

Kwa swali la kumi, tafuta wahitimu wawili au watatu uwaulize wenyewe. Atakayesitasita kukwambia, msikilize sana.

Namalizia kwa habari ya binti yule. Alikaa nyumbani kwa muda, akiwasomesha watoto wa jirani jioni barazani. Kisha baba yake akajaribu tena, na safari hii tulikwenda pamoja, mimi na yeye, tukiwa na karatasi ya maswali. Tulivikataa vyuo viwili. Cha tatu kilijibu yote, na ada tukaichanga na ndugu zake na waumini wa msikiti wetu. Alhamdulillahi yuko mwaka wa pili. Likizo iliyopita alikuja hapa na andalio lake la somo, akawafundisha watoto wetu wa darasa la chini kujumlisha kwa vizibo vya soda. Mzee wake alikuwa amesimama dirishani, anatazama.

Tunamuomba Allah (S.W.) awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa, awape wazazi wao riziki ya halali ya kuwasomeshea, na atusamehe sisi walimu pale tuliposema tusiyoyajua. Amin.